Jinsi ya Kuachana na Simu au Kompyuta ya Zamani Bila Kumwachia Mtu Mwingine Sumu

Swali ninaloulizwa mara nyingi kuhusu taka za kielektroniki ni hili: "Nina simu mbili mbovu na kompyuta isiyowaka, nizipeleke wapi?" Ni swali zuri, ila limeanzia mwishoni. Wengi wanaokwama hawakukosa pa kupeleka. Walikwama kabla ya hapo. Simu imefutwa lakini bado imefungwa na akaunti. Betri imevimba ndani ya droo. Kompyuta imejaa picha za familia na hakuna anayethubutu kuitoa. Basi kifaa kinalala miaka, hadi siku ya kuhama nyumba kinapotupwa kwenye pipa pamoja na maganda ya viazi.

Kwa takwimu za Umoja wa Mataifa, mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka hizi, na asilimia 22.3 tu ndizo zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa kwa utaratibu unaofaa. Nyingine zimo majalalani, kwenye moto, au kwenye droo kama yako.

Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake. Karibu kila aliyeniambia ameshindwa alikuwa ameruka hatua moja au amefanya ya nne kabla ya ya tatu.

Vitu vya kuandaa

- Kifaa chenyewe, kikiwa na chaji ya nusu hivi, pamoja na chaja yake
- Nywila za akaunti zote zilizomo: Google, Apple, Microsoft, na ile ya mtengenezaji wa simu kama ipo
- Kifaa kipya au diski ya nje ya kuhamishia mafaili
- Pini ya kutolea laini
- Bisibisi ndogo, kama ni kompyuta ya zamani
- Selotepu, na mifuko midogo ya plastiki, mmoja kwa kila betri
- Debe la chuma na mchanga mkavu, ikiwa kuna betri iliyovimba
- Karatasi na kalamu

Usivyohitaji ni nyundo, sumaku na kiberiti. Nyundo ikitua kwenye betri ya lithiamu inaweza kukuunguza uso. Sumaku haifanyi lolote kwenye hifadhi ya simu, kwa sababu data za simu hazihifadhiwi kwa usumaku. Na moto ndio hasa tunaoukimbia.

Hatua ya 1: Hakikisha kifaa kimekufa kweli

Sehemu kubwa ya gesi joto zinazosababishwa na simu hutoka wakati wa kuitengeneza: kuchimba madini, kuyayusha, kutengeneza chipu. Umeme wa kuichaji kila siku ni kidogo ukilinganisha na hayo. Kwa hiyo simu itakayotumika miaka miwili zaidi, hata mikononi mwa mtu mwingine, inaokoa mengi kuliko ile itakayosagwa kesho ili shaba yake itolewe.

Kabla ya kuihukumu, angalia mambo matatu. Tundu la chaji huziba kwa vumbi na nyuzi za mfukoni, na simu "isiyoingiza chaji" hufufuka ikisafishwa kwa kijiti cha mbao huku imezimwa. Hifadhi ikijaa, simu huburuta miguu kama mgonjwa. Na betri huchoka mapema kuliko kitu kingine chochote ndani ya simu. Kubadilisha betri siyo kubadilisha simu.

Kwa kompyuta, usidanganywe na ujumbe kwamba mfumo wake hauhudumiwi tena. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi nzima zikaanza kuitwa takataka. Nyingi kati ya hizo zinaendesha Linux, mfumo mwingine wa bure, bila tabu.

*Umefanikiwa ikiwa:* umeandika kwenye karatasi neno moja kati ya matatu: kitumike, kivunjwe vipuri, au kirejelezwe.

Hatua ya 2: Hamisha, kisha jipime

Picha na namba za watu hakuna anayezisahau. Kinachosahaulika ni mazungumzo ya WhatsApp, rekodi za sauti, na zaidi ya yote ile programu inayotoa namba za siri za kuingilia akaunti nyingine. Mimi niliwahi kufuta simu nikiwa na uhakika kila kitu kimehama. Jioni nikaulizwa namba ya tarakimu sita na benki, na namba hiyo ilikuwa inatolewa na simu niliyoifuta asubuhi. Ilinichukua siku tisa kurudishiwa akaunti yangu.

Hamisha programu hiyo kwanza. Ifungue kwenye simu mpya, ingia kwenye akaunti mojawapo kwa kutumia namba inazotoa, na uone kama inakubali.

Kipimo changu ni hiki: zima kifaa cha zamani, kiweke juu ya kabati, ishi bila kukigusa kwa wiki nzima. Ulichosahau kitakuita chenyewe.

*Umefanikiwa ikiwa:* wiki imepita na hukukiwasha.

Hatua ya 3: Toka kwenye akaunti kabla ya kufuta chochote

Hapa ndipo simu nyingi nzima huuawa na watu wenye nia njema.

Tangu 2013, iPhone zimekuwa na kufuli inayoifunga simu kwa akaunti ya mwenyewe. Android nazo zikapata kufuli ya aina hiyo kuanzia toleo la 5.1. Kufuli hizi ziliwekwa kuwakomoa wezi. Lakini kufuli haijui mwizi ni nani. Ukifuta simu bila kutoka kwenye akaunti, atakayeiwasha ataombwa nywila yako, na asipoipata simu hiyo kwake ni kigae. Hata fundi mwaminifu hataweza kuiuza ikiwa nzima. Itavunjwa au itasagwa, na madini yote yaliyochimbwa kuitengeneza yatakuwa yametumika nusu ya umri.

Kwenye iPhone, fungua mipangilio, gusa jina lako lililo juu kabisa, shuka hadi mwisho na utoke kwenye akaunti. Itakuomba nywila ili izime huduma ya kutafuta simu iliyopotea. Kubali.

Kwenye Android, fungua Mipangilio, nenda kwenye akaunti, ondoa kila akaunti ya Google iliyomo. Watu huondoa moja na kusahau ile ya pili waliyoifungua kwa ajili ya mtoto. Baadhi ya watengenezaji, Samsung wakiwemo, wana akaunti yao ya ziada, nayo iondoe. Kisha ondoa namba ya siri au mchoro wa kufungulia kioo.

Ikiwa kifaa ulipewa kazini au shuleni, huenda kimefungwa kutoka makao makuu yao, na wewe huwezi kukifungua. Waombe wanaosimamia kompyuta wakitoe kwenye orodha yao, na usiendelee hadi wathibitishe.

Ukiwa hapo, bonyeza *#06# uandike namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yako, kwenye karatasi yako. Utaihitaji siku ya kukabidhi.

*Umefanikiwa ikiwa:* ukifungua orodha ya akaunti kwenye simu, ni tupu.

Hatua ya 4: Futa kulingana na aina ya hifadhi

Toa laini na kadi ya kumbukumbu kwanza. Kadi ya kumbukumbu haifutwi na njia hii kila mara, na ndiyo yenye picha.

*Simu.* Rudisha simu kwenye hali ya kiwandani kupitia mipangilio. Watu hawaamini kama hilo linatosha. Kwenye iPhone na Android za miaka ya karibuni linatosha, kwa sababu data zote huandikwa kwa mafumbo na ufunguo wa mafumbo hayo umo ndani ya simu. Ukifuta, ufunguo huharibiwa, na kinachobaki ni herufi zisizo na maana kwa yeyote. Android za kabla ya toleo la 6 hazikuwa na kinga hiyo tangu kiwandani. Kwa hizo, washa kwanza usimbaji (huko kuandika kwa mafumbo) wa simu nzima kwenye mipangilio ya usalama, ndipo ufute.

*Kompyuta yenye diski ya kuzunguka.* Kufuta faili na kumwaga pipa la taka hakuondoi kitu. Kunaondoa jina la faili tu, faili lenyewe limekaa. Tumia kufuta kunakoandika juu ya diski nzima. Kwenye Windows, unaporudisha mashine mwanzo, chagua kuondoa kila kitu, kisha uwashe chaguo la kusafisha diski. Itachukua saa nyingi. Iache usiku kucha ikiwa kwenye umeme. Mara moja inatosha. Kuandika juu yake mara saba au thelathini na tano ni kupoteza umeme.

*Kompyuta yenye SSD, yaani diski isiyo na sehemu inayozunguka.* Hapa kuandika juu yake hakuaminiki, kwa sababu SSD hujiamulia yenyewe iandike wapi na huacha vipande vya zamani nyuma. Tumia programu ya kufuta ya mtengenezaji wa SSD hiyo, au simba diski nzima kwanza halafu urudishe mashine mwanzo.

*Kifaa kisichowaka kabisa.* Fungua kompyuta, toa diski, baki nayo, na uachie mashine iliyobaki iende. Usizuie kilo mbili za chuma na shaba kwa sababu ya kipande cha gramu mia. Simu isiyowaka ipeleke kwa mrejelezaji anayesaga, na umwambie haikufutwa.

*Umefanikiwa ikiwa:* kifaa kinawaka na kukukaribisha kwa kukuuliza lugha, na ukiendelea hatua mbili tatu hakiulizi akaunti ya zamani. Kikiuliza, rudi hatua ya 3.

Hatua ya 5: Betri (usiiruke hata ukiwa na haraka)

Betri ya lithiamu ina karatasi nyembamba sana za ndani zinazotenganisha pande mbili zenye nguvu. Ikibanwa, ikitobolewa, au vituo vyake vikigusana kupitia sarafu au ufunguo, joto hupanda, joto lile huzalisha joto zaidi, na baada ya hapo hakuna swichi ya kuzima. Magari ya taka yana mashine za kushindilia uchafu. Weka hayo mawili pamoja utaelewa kwa nini magari ya taka na vituo vya kuchambulia taka huungua. Moshi wake nao una gesi ya floridi ya hidrojeni, ambayo inachoma mapafu.

*Betri inayotoka kwa mkono.* Itoe. Ziba vituo vyake vya chuma kwa selotepu, itie kwenye mfuko wake peke yake. Usizijaze betri tano kwenye mfuko mmoja.

*Betri iliyogandishwa ndani.* Iache ndani. Usiibandue kwa bisibisi. Simu ikabidhiwe nzima na betri yake, imezimwa.

*Betri iliyovimba.* Utaijua kwa kioo kilichoinuka, kifuniko kilichoachama, au kompyuta inayoyumba juu ya meza iliyo sawa. Usiichaji tena, hata "kidogo ili nihamishe picha". Usiikandamize irudi, na usiitoboe itoe hewa: hewa hiyo inawaka. Weka mchanga mkavu kwenye debe, laza kifaa juu yake, kifunike kwa mchanga mwingine, uache debe bila kukaza mfuniko. Kaa nalo nje, kivulini, mbali na pazia, gesi na mafuta. Lipeleke mwenyewe mapema uwezavyo, na usitume kwa posta. Ukifika, maneno yako ya kwanza yawe: "Hii betri imevimba."

Betri zilizoandikwa Ni-Cd, za zana za zamani na simu za mezani zisizo na waya, zina kadmi, ambayo huharibu figo na kudhoofisha mifupa. Zitenge.

Na vile vibetri vya duara kama kifungo, vya saa na rimoti, vizibe kwa selotepu pande zote mbili mara tu unapovitoa. Mtoto akimeza kimoja kinaweza kuunguza koo lake ndani ya saa mbili. Hili halihusu mazingira, lakini siwezi kuandika kuhusu betri nikalinyamazia.

*Umefanikiwa ikiwa:* hakuna chuma cha betri kinachoweza kugusa chuma kingine.

Hatua ya 6: Ambavyo hutavifungua

TV ya chogo ina kioo chenye madini ya risasi, wakati mwingine kilo kadhaa, na ndani yake hakuna hewa, hivyo ikipasuka hupasukia ndani na kurusha vigae. Maikrowevu ina kapasita, kipande kinachohifadhi umeme, inayoweza kuua hata ikiwa imechomolewa. Skrini bapa za zamani, za kabla ya taa za LED, zina mirija myembamba yenye zebaki. Vyote hivi vipeleke vizima.

Friji ndiyo inayoniuma zaidi. Mtu huja, hukata bomba la shaba pale pale, gesi hupuliza sekunde chache, basi. Friji za zamani sana zina gesi ya R-12, inayokula tabaka la ozoni na ambayo kilo yake moja hupasha dunia joto takriban mara 10,900 ya kilo ya kaboni dioksidi kwa kipimo cha miaka 100. Zilizofuata zina R-134a, takriban mara 1,430. Za sasa nyingi zina isobutani, isiyo na ubaya huo lakini inayowaka. Asiyekuja na mashine ya kunyonya gesi asipewe friji.

Hatua ya 7: Chagua wa kumpa

Kwanza mtu atakayekitumia. Asipopatikana, fundi atakayetoa kioo, kamera na spika zikafufue simu nyingine. Baada yao ndiyo mtengenezaji au muuzaji anayepokea vya zamani, au mrejelezaji mwenye utaratibu.

Nitatua hapa kidogo, kwa sababu wengi wanadhani kazi yao imeisha wakishampa mtu yeyote anayekusanya.

Urejelezaji mbaya una sura inayojulikana. Nyaya huchomwa ili plastiki iishe ibaki shaba. Plastiki nyingi za nyaya ni PVC, yenye klorini. Ikiungua kwa moto hafifu, tena penye shaba, huzalisha dioksini, sumu inayoganda kwenye mafuta ya wanyama na kukaa miaka. Huko Agbogbloshie, Accra, uchunguzi uliotolewa mwaka 2019 ulikuta dioksini kwa kiwango cha juu mno ndani ya mayai ya kuku waliokuwa wakitafuta chakula karibu na jalala la vifaa hivi. Bodi za saketi nazo hutiwa kwenye tindikali kutafuta dhahabu, na maji yake humwagwa. Guiyu, nchini China, mji ulioishi kwa kazi hiyo miaka mingi, watafiti walipima damu za watoto wakakuta risasi nyingi kupita kiasi.

Wengine huniuliza kama wanaweza kujitolea dhahabu wenyewe nyumbani. Mamlaka ya mazingira ya Marekani hukadiria kuwa simu milioni moja hutoa takriban kilo 16,000 za shaba, kilo 350 za fedha, kilo 34 za dhahabu na kilo 15 za paladi. Gawanya: simu yako ina dhahabu ya miligramu 34 hivi. Huo siyo utajiri wa kuugharamia mapafu. Bodi zinatoa faida zikikusanywa kwa tani na kuyeyushwa kwenye mitambo yenye vichujio vya moshi, kama ule wa kampuni ya Umicore ulioko Hoboken, Ubelgiji.

Basi kabla ya kukabidhi, muulize mpokeaji:

1. Nyaya mnazimenya kwa mashine au mnazichoma?
2. Bodi zinakwenda kuyeyushwa wapi?
3. Betri mnamkabidhi nani?
4. Mna cheti kinachokaguliwa na watu wa nje, kama R2 au e-Stewards?
5. Mkivusha mpaka, mnapata kibali? Tangu tarehe 1 Januari 2025, chini ya Mkataba wa Basel, ule wa kimataifa kuhusu kuvusha taka hatari, hata taka za kielektroniki zisizohesabiwa kuwa za hatari hazipaswi kuvushwa bila idhini ya nchi inayopokea.

Cheti si kila kitu, na wapo wakusanyaji wadogo wasio nacho wanaofanya kazi safi. Mimi huangalia zaidi namna anavyojibu swali la tatu. Anayejua kazi yake atakuuliza yeye kwanza: "Betri imo? Imevimba?" Anayetaka bodi pekee, au anayekwepa swali la nyaya kwa kicheko, mshukuru uondoke na kifaa chako.

Na tafadhali, usipeleke vifaa vilivyokufa kwenye shule au kituo cha watoto ukaviita msaada. Kompyuta ishirini zisizowaka ni mzigo wa sumu uliomhamishia mtu asiye na uwezo wa kuuondoa.

Hatua ya 8: Fungasha na ukabidhi

Weka kila kifaa kwenye mfuko au boksi, kioo kikiangalia kadibodi. Usijaze boksi hadi vifaa vibanane. Andika juu yake: "Kimefutwa" au "Hakikufutwa", na hali ya betri. Chaja na nyaya zifunge pamoja bila kuzikata. Chaja inayolingana na kifaa hukiongezea nafasi ya kutumika tena.

Omba risiti yenye namba ya IMEI au namba ya mashine. Piga picha ya risiti hiyo, kwa sababu karatasi zake hufifia upesi.

Baada ya wiki mbili, fungua akaunti yako kwenye simu mpya na utazame orodha ya vifaa vilivyounganishwa nayo. Cha zamani kikiwa bado kimeorodheshwa, kiondoe hapo hapo. Aliyenacho huenda amekwama kwenye kufuli, na kubonyeza kwako mara moja, hasa kama ni iPhone, kunaweza kumfungulia simu ambayo kesho ingesagwa.